Maswali na Majibu: Maelekezo ya Kroshia Yasiyoeleweka

Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu jambo moja, yaani maelekezo ya kroshia yanayomkwamisha mfumaji katikati ya kazi. Karibu kila mwandishi ameanza kwa kujilaumu kwamba hana akili ya kufuma, na mimi lawama hiyo siikubali hata kidogo. Maelekezo ya kroshia ni hesabu iliyofupishwa ili ienee kwenye ukurasa, na aliyeifupisha aliacha nje mambo ambayo kwake ni ya wazi kwa sababu mikono yake imeyazoea. Msomaji hana budi kuyarudisha mahali pake, na ndiyo maana katika majibu haya nitadai penseli na karatasi mara kwa mara kabla ya kudai kulabu. Kwa kuwa wafumaji wana majina mengi ya mishono, mimi nitatumia haya, kuanzia ule wa chini kabisa hadi ule unaosimama juu zaidi: mshono wa kuteleza, mshono mfupi, nusu mshono mrefu, mshono mrefu na mshono mrefu zaidi.

*Mwalimu, shikamoo. Nimefuma blanketi la mtoto mchanga kwa kufuata maelekezo neno kwa neno. Kila palipoandikwa "dc" nilifuma mshono mrefu kama nilivyofundishwa. Blanketi limetoka refu zaidi ya mara mbili ya kipimo kilichotajwa, lina matundu, na uzi uliisha kabla sijafika mwisho. Nimefumua na kuanza upya mara tatu. Nakosea wapi?*

Marahaba. Mikono yako haina kosa. Maelekezo uliyonayo yameandikwa kwa lugha ya wafumaji wa Uingereza, nawe umeyasoma kwa lugha ya wafumaji wa Marekani. Nchi hizi mbili hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti, na hakuna jambo katika kroshia lililowafumulisha watu kazi zao kuliko hili. Kifupi "dc" katika maelekezo ya Marekani ni mshono mrefu, lakini katika maelekezo ya Uingereza ni mshono mfupi. Vivyo hivyo "tr" kwa Mmarekani ni mshono mrefu zaidi, na kwa Mwingereza ni mshono mrefu wa kawaida. Kila jina la Uingereza limepanda ngazi moja juu ya lile la Marekani, isipokuwa mnyororo, yaani kitanzi kinachovutwa kupitia kitanzi kingine, na mshono wa kuteleza, ambayo haibadiliki.

Mimi hukumbuka tofauti hiyo kwa kutazama kulabu yenyewe. Fuma mshono mfupi polepole: ingiza kulabu, vuta uzi, kisha simama hapo. Juu ya kulabu kuna vitanzi viwili, na Mwingereza huuita mshono huo kwa jina lenye maana ya mbili. Sasa endelea kumaliza: utavuta uzi kupita katika vitanzi mara moja tu, na Mmarekani huuita mshono huohuo kwa jina lenye maana ya moja. Ukifanya hivyo kwa mshono mrefu, utakuta vitanzi vitatu juu ya kulabu unaposimama, na utavuta uzi mara mbili mpaka kumaliza. Kwa hiyo ukihesabu vitanzi unapata jina la Uingereza, na ukihesabu mivuto unapata jina la Marekani.

Utajuaje basi maelekezo yako ni ya upande gani ikiwa mwandishi hakusema? Tafuta kifupi "sc", ambacho kwa Mmarekani ni mshono mfupi. Kikiwepo, maelekezo ni ya Kimarekani, kwa maana katika majina ya Uingereza hakuna kitu kinachoitwa hivyo. Nusu mshono mrefu nao ni shahidi mzuri, kwani Mmarekani huandika "hdc" na Mwingereza "htr". Neno la kuruka mshono ni "skip" Marekani, ilhali Uingereza mara nyingi ni "miss". Kipimo cha idadi ya mishono katika sentimita 10 huitwa "gauge" Marekani na "tension" Uingereza. Ukikosa dalili zote hizo, angalia minyororo ya kugeukia, yaani ile inayofumwa mwanzoni mwa safu baada ya kugeuza kazi: safu za "dc" zinazoanza kwa minyororo 3 ni mishono mirefu, na zinazoanza kwa mnyororo 1 ni mishono mifupi. Usitegemee mahali yalipochapishwa, kwa kuwa wafumaji wengi wa Australia, kwa mfano, hutumia majina ya Uingereza, na wako Waingereza wanaoandika kwa majina ya Marekani ili wapate wasomaji wengi zaidi.

Ukishajua, chukua penseli na uandike jina lako mwenyewe la mshono juu ya kila kifupi katika ukurasa mzima kabla ya kugusa uzi. Usitegemee kwamba utakumbuka ukiwa katikati ya safu, maana mkono uliochoka hurudia ulichozoea.

*Mwalimu, naomba unisaidie kuhusu vinyota na mabano. Nafuma duara, na maelekezo ya mzunguko wa 4 yananitaka nifanye jambo fulani kisha nirudie kuanzia kwenye kinyota "mara 5 zaidi", na mwishoni kuna 24 ndani ya mabano. Kila nikifuma napata idadi nyingine. Mara 20, mara 30, na mara moja nilipata 36.*

Swali lako limenifurahisha kwa sababu umehesabu, na tena umeniandikia ulichohesabu. Idadi hizo tatu zinanionyesha pale unapoteleza.

Mzunguko huo, nikiuandika kwa maneno kamili, unasema hivi, kinyota kikiwa mwanzoni kabisa: fuma mshono mfupi mmoja katika kila mmoja wa mishono miwili inayofuata, kisha fuma mishono mifupi miwili ndani ya mshono mmoja unaofuata, rudia kuanzia kwenye kinyota mara 5 zaidi. Unatoka kwenye mzunguko wenye mishono 18. Sasa chora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa mishono inayoliwa na mwingine wa mishono inayozaliwa. Sehemu ya kwanza ya maelekezo inakula miwili na kuzaa miwili. Sehemu ya pili inakula mmoja na kuzaa miwili. Fungu zima basi linakula 3 na kuzaa 4. Ukilifanya mara 6, umekula 18, ambayo ndiyo mishono yote uliyokuwa nayo, na umezaa 24, ambayo ndiyo nambari iliyo ndani ya mabano. Hesabu imefunga.

Ulipopata 20, yaelekea ulilifanya fungu mara 5 tu, na bila shaka kulibaki mishono 3 mitupu ambayo hukujua uipeleke wapi. Maneno "mara 5 zaidi" yana maana ya mara 5 baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo jumla ni 6. Baadhi ya waandishi huliacha neno "zaidi", lakini desturi ya kinyota ni ileile: ya kwanza haihesabiwi katika kurudia. Mabano ya mraba yana desturi nyingine. Fungu likifungwa ndani ya mabano na kufuatwa na "mara 6", hizo 6 ni jumla, pamoja na ya kwanza. Huu ni utata wa kweli, na wako waandishi wasioufuata utaratibu wowote, ndiyo maana nasisitiza kula na kuzaa. Maneno yakikosa uaminifu, hesabu itakuambia.

Ulipopata 36, yaani mara mbili ya 18, naona uliongeza katika kila mshono. Kosa hili nalijua vizuri na ningependa kulieleza kwa utulivu, kwa sababu lina mizizi katika lugha yetu. Katika Kiswahili nambari hufuata kitu inachokihesabu: tunasema mishono miwili. Katika maelekezo ya Kiingereza nambari hutangulia. Kwa hiyo "sc" ikifuatwa na nambari 2 na kisha neno la mshono, ile 2 ni ya mishono unayoiingia, mshono mmoja katika kila mmoja. Lakini 2 ikitangulia "sc", ni mishono miwili ndani ya tundu moja. Jicho lililolelewa na Kiswahili huishika nambari na kuifunga kwenye neno lililo kushoto kwake, na hapo miwili inayokaa mmoja mmoja inageuka kuwa miwili inayobanana. Jizoeze kuchora kijimshale kutoka kwenye nambari kwenda kwenye neno lililo kulia kwake. Baada ya wiki chache hutahitaji mshale.

Ile 30 imepatikana, nadhani, kwa kuchanganya makosa yote mawili, na haina haja ya kuchunguzwa zaidi.

Niongeze jambo moja la ndugu yake, kwa kuwa barua nyingine mbili zimeliuliza. Maelekezo yakisema minyororo ya kuanzia iwe mafungu ya 6 na kuongeza 2, ile 2 huongezwa mara moja tu, mwishoni. Mafungu matano ni 30, na ukiongeza 2 ni 32. Ukiongeza 2 kwa kila fungu utapata 40, na pambo lako halitakaa sawa.

*Kwako Mwalimu. Skafu yangu inaanza na mishono mirefu 20, lakini inazidi kuwa nyembamba. Baada ya safu chache nimebaki na mishono 14 na imekuwa pembetatu. Maelekezo hayasemi nipunguze.*

Ni kweli hayasemi, na umepoteza mshono mmoja katika kila safu bila kujua. Mkosaji ni minyororo mitatu ya kugeukia. Katika safu za mishono mirefu, minyororo hiyo mitatu huhesabiwa kuwa ndiyo mshono wa kwanza wa safu. Kwa kuwa umeshausimamisha mshono wa kwanza kwa minyororo, unaruka mshono ulio chini yake na kuanza kufuma katika ule wa pili. Hadi hapo wafumaji wengi hufanya sawa. Tatizo hutokea upande wa pili wa safu, kwa kuwa mshono wa mwisho unatakiwa kuingia juu ya minyororo mitatu ya safu iliyopita, na minyororo hiyo haifanani na mshono. Imejipinda pembeni, imekaa kama kamba iliyolegea, nawe unaipita ukidhani safu imekwisha. Safu sita za kuipita hivyo zinakutoa kwenye 20 mpaka 14.

Dawa yake ni ndogo. Unapomaliza kufuma minyororo mitatu mwanzoni mwa safu, pitisha kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine katika mnyororo wa tatu, ule wa juu kabisa. Utakaporudi kwenye safu inayofuata, kipande hicho kitakuwa kinakungoja mwisho wa safu, na hapo ndipo unapoingiza kulabu. Wale ambao skafu zao zinapanuka badala ya kupungua wana kosa la kinyume: wanafuma ndani ya mshono ulio chini ya minyororo badala ya kuuruka, wakaupata mshono mmoja wa ziada kila safu.

Katika mishono mifupi kanuni hugeuka. Mnyororo mmoja wa kugeukia kwa kawaida hauhesabiwi, na mshono wa kwanza huingia katika mshono wa kwanza kabisa. Maelekezo mazuri husema wazi kama minyororo ya mwanzo inahesabiwa au la. Yasiposema, yaulize kwa nambari iliyo mwishoni mwa safu. Hata minyororo ya msingi imefuata hesabu hiyohiyo. Ili upate mishono mirefu 20 unafuma minyororo 22 na kuanza katika wa 4 kutoka kwenye kulabu: mitatu uliyoiruka inasimama kama mshono mmoja, na 19 iliyobaki inapokea mshono mmojammoja. Kitanzi kilicho juu ya kulabu hakihesabiwi kamwe, wala lile fundo la kuanzia.

*Mwalimu, maelekezo ya sweta yameandika 40 (44, 48, 52). Je, nifume zote kwa zamu?*

Hapana, dada. Hizo ni saizi nne za nguo moja, na ya kwanza, iliyo nje ya mabano, ndiyo ndogo kuliko zote. Chagua saizi yako, kisha pitia ukurasa wote ukizungushia nambari iliyo katika nafasi hiyohiyo kila mahali. Ukifuma saizi ya tatu, nambari yako ni ya tatu siku zote, yaani 48 hapo ulipotaja. Panapokuwa na nambari moja pekee, ni ya saizi zote. Palipo na 0 au kistari, saizi hiyo hairudii kitendo hicho.

*Shikamoo Mwalimu. Nimefika kwenye bega la sweta. Nimeambiwa nipunguze upande wa kwapa mshono 1 kila safu mara 4, na "wakati huohuo" nipunguze upande wa shingo mshono 1 kila safu ya pili mara 6. Nimefanya ya kwapa yote, nikaanza ya shingo, na sasa bega limekuwa refu mno.*

Marahaba. Maneno hayo mawili, "wakati huohuo", yamejificha katikati ya aya, wakati yalistahili kuandikwa kwa wino mwekundu. Ulifanya kazi mbili kwa kufuatana ambazo zilitakiwa zitembee pamoja.

Chukua karatasi uandike nambari 1 hadi 12 kutoka juu kwenda chini. Hizo ndizo safu zako. Weka safuwima mbili, ya kwapa na ya shingo. Katika safuwima ya kwapa tia alama kwenye 1, 2, 3 na 4. Katika safuwima ya shingo tia alama kwenye 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Sasa unaona mwenyewe kwamba safu ya 2 na ya 4 zina alama mbili, hivyo katika safu hizo unapunguza pande zote, na safu za 5, 7, 9 na 11 hazina alama hata moja, kwa hiyo unafuma moja kwa moja. Alama zote ni 10. Kama ulianza na mishono 34, utamaliza na 24, na bega litachukua safu 12 badala ya 16 ulizofuma wewe.

Bila shaka utakapofika kwenye bega la pili utakutana na sentensi inayokuambia ufume kama la kwanza kwa kugeuza umbo. Usijaribu kuigeuza kichwani. Nakili upya maelekezo ya bega la kwanza ukibadilisha kila "mwanzo wa safu" kuwa "mwisho wa safu" na kinyume chake, na ufume kutoka kwenye nakala yako.

*Mwalimu, nimepata mchoro mzuri wa kitambaa kutoka Japani usio na neno hata moja ninaloweza kulisoma. Je, niuache?*

Usiuache hata kidogo. Mchoro haukuhitaji kujua lugha, na mimi naona ndiyo njia ya haki kuliko zote, kwa sababu ugomvi wa majina ya Marekani na Uingereza haumo ndani yake. Duara refu kama yai ni mnyororo. Nukta nyeusi ni mshono wa kuteleza. Alama ya msalaba mdogo au ya kuzidisha ni mshono mfupi. Herufi T tupu ni nusu mshono mrefu. T yenye mkato mmoja kwenye shina ni mshono mrefu, na yenye mikato miwili ni mshono mrefu zaidi. Katika hizi mbili za mwisho, mikato inakuambia umezungusha uzi mara ngapi kwenye kulabu kabla ya kuiingiza.

Alama zinazokutana chini kwenye nukta moja zote zinaingia katika mshono mmoja. Zinazokutana juu zinafungwa pamoja kuwa mshono mmoja. Mchoro wa safu husomwa kutoka chini kwenda juu, safu za upande wa mbele kutoka kulia kwenda kushoto, na za nyuma kutoka kushoto kwenda kulia. Wa duara husomwa kutoka katikati, kinyume cha mwendo wa saa. Mfumaji wa mkono wa kushoto anageuza mielekeo hiyo yote.

*Mwalimu, nitajuaje kwamba waliokosea ni maelekezo na si mimi? Safu ya 7 inaishia na mishono 24. Safu ya 8 inanitaka nifume mishono mifupi 3, nifunge 2 pamoja, nirudie mpaka mwisho. Kila mara nabakiwa na mishono 4.*

Fanya hesabu ya kula na kuzaa niliyoieleza hapo juu. Fungu lako linakula 5: mitatu ya kwanza na miwili inayofungwa pamoja. Mafungu manne yanakula 20, na 24 ukitoa 20 ni 4. Umebakiwa na 4 kwa sababu nambari hazigawanyiki, na hilo limeonekana kwenye karatasi bila uzi wowote kutumika. Maadamu umehesabu mishono ya safu ya 7 kwa kidole na ikawa 24 kweli, kosa si lako.

Kisha tazama mbele. Safu ya 8 imeandikwa iishie na mishono mingapi? Ikiwa ni 18, maana yake mishono 6 imepunguzwa. Katika 24, kupunguza sita kunahitaji mafungu sita yanayokula 4 kila moja, yaani mishono mifupi 2 kisha 2 pamoja. Mwandishi aliandika 3 mahali pa 2. Ikiwa ni 20, amepunguza 4, na fungu linakula 6: mishono mifupi 4 kisha 2 pamoja. Nambari ya mwisho wa safu ndiyo inayokuamulia, nawe ukiishapata jibu hakikisha kwamba safu ya 9 inakubaliana nalo kabla ya kuendelea.

Waandishi wengi wa maelekezo hutoa masahihisho baada ya kuchapisha, kwa hiyo tazama kwanza kama kuna toleo jipya. Likikosekana, mwandikie mwenyewe barua fupi umtajie safu ya 7 na idadi yake, safu ya 8 na fungu lake, na mishono 4 iliyobaki.